Utusitusi wa Ujiji na Barua za Issa

Siku niliyoanza kazi katika kituo cha hali ya hewa cha Kigoma, nilikosea kabla jua halijatua. Mkuu wa Kituo, Mzungu mwembamba aliyebaki nasi miaka michache baada ya Uhuru, alinipa daftari na kuniambia niandike saa ambayo jua linazama. Nikasimama kuelekea ziwani. Lilipojificha nyuma ya milima ya Kongo, nikaandika. Akachukua kalamu akaikata ile saa.

"Umeandika milima," alisema. "Jua bado halijatua. Limefichwa tu."

Ninyi mnaopata habari za mvua kwenye simu hamwezi kujua jinsi tulivyohesabu mambo hayo kwa mkono. Tulikuwa na kipimamvua, barometa ya kupima uzito wa hewa, na tufe la kioo lililokusanya mwanga wa jua na kuunguza mstari kwenye kadi, tukajua jua limewaka kwa saa ngapi. Tulikuwa pia na kitabu cha majedwali ya utusitusi, yaani ule mwanga unaobaki baada ya jua kuzama, na ule unaolitangulia alfajiri. Uwanja wa ndege haukuwa na taa. Rubani aliyechelewa alituuliza kwa redio amebakiwa na mwanga wa dakika ngapi, nasi tulipaswa kumjibu sawasawa.

Mimi nilikuwa bingwa wa majedwali hayo. Nasema bila haya. Mwenzangu Issa, mwana wa fundi mitumbwi wa Ujiji, alianza kazi wiki moja na mimi, na hesabu zilimpiga chenga. Nilimfundisha jedwali moja baada ya jingine, mpaka akaweza. Alichonizidi ni ulimi. Wakaguzi walipokuja kutoka Dar es Salaam, yeye ndiye aliyewaeleza kazi, mimi nikabaki kushika daftari.

Kwa hiyo nafasi moja ya masomo ilipotokea, katika nchi ya mbali kaskazini mwa Ulaya, akachaguliwa Issa. Siku ya kuondoka nilimsindikiza stesheni ya reli. Nilicheka, nikampungia mkono. Garimoshi lilipopinda, nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya moto kifuani.

Kabla ya kupanda alinishika bega. "Gervasi, baba hasomi herufi hizi zetu, anasoma za Kiarabu tu. Nitakuwa natuma barua zake kwako. Umsomee, umwandikie majibu. Simwamini mwingine."

Nikakubali. Kila barua ilipofika nilishuka Ujiji, nikamkuta Mzee Rajabu kwenye karakana yake kando ya maji, nikamsomea kuhusu theluji, mabweni na walimu. Nilisoma kwa sauti nzuri. Yale yote yangekuwa yangu.

Ndipo ikaja barua ya kiangazi cha kule. Issa aliandika: "Baba, nina tatizo la swala. Huku jua linatua, lakini wekundu wa magharibi hauondoki. Unazunguka upande wa kaskazini mpaka unakutana na wekundu wa alfajiri. Sijui Isha, inayongoja wekundu uondoke, niiswali saa ngapi. Niulizie kwa masheikh."

Mzee aliweka chini tezo aliyokuwa akichongea mtumbwi. "Wekundu usioondoka? Wewe unafanya kazi ileile. Jambo hilo lipo?"

Lilikuwepo. Nilikuwa nimelisoma kitabuni, tena mimi ndiye niliyemwonyesha Issa ukurasa wake. Lakini nilimwona kwa macho ya moyo amesimama katika mwanga ule ambao mimi niliujua kwa tarakimu tu, na ulimi wangu ukateleza wenyewe.

"Mzee, jua ni moja. Mimi nalipima kila siku. Likizama, giza linaingia."

Hapakuwa na neno la uongo ndani yake, kwa hapa kwetu. Mzee aliikunja barua. "Basi mwanangu ameacha swala," alisema, "na anatafuta kisingizio. Andika. Mwambie asiniandikie mpaka atakapokuwa na haya."

Nikaandika kwa mwandiko wangu. Nikapeleka posta.

Barua za Issa kwa Mzee zikakoma. Ikaja moja tu, iliyoandikwa kwangu: "Gervasi, baba amenikataa. Mweleze, wewe unajua kuliko mimi." Niliikunja nikaifungia kwenye saraka ya meza. Kila siku nilijiambia nitakwenda kesho. Na nikiwa mkweli, zipo siku nilizofurahi.

Ikapita miezi saba. Mzungu alikwisha ondoka, na Mkuu wa Kituo wa pili, Mwafrika, alitutaka tumwite Ndugu badala ya Bwana. Alasiri moja Mzee Rajabu aliingia kituoni, amepanda kwa miguu kutoka Ujiji, kanzu imelowa jasho. Tukamwamkia shikamoo. Hakuja kwangu. Alimwendea Ndugu Mkuu, akamuuliza swali lilelile.

Ndugu Mkuu alimpa kiti. "Lipo, Mzee. Jua likizama halituoni tena sisi, lakini bado linaiona hewa iliyo juu yetu, na hewa hiyo inatushushia mwanga. Jua likishuka chini sana, basi giza. Sasa, umewahi kuoga Mwamgongo?"

"Nimepeleka mitumbwi huko."

"Ukiingia ziwani pale, hatua tatu umezama. Ujiji je?"

"Ujiji unatembea mpaka unachoka, maji yako kiunoni."

"Ndivyo jua lilivyo. Kwetu linashuka wima, kama mtu wa Mwamgongo, giza linawahi. Kule kaskazini linashuka kwa mshazari, kama mtu wa Ujiji. Na wakati wa kiangazi chao halifiki kwenye kina kabisa. Linatembea maji ya kiunoni, kisha linarudi nchi kavu, kumekucha." Akatabasamu, akaninyooshea kidole. "Lakini umejisumbua bure kupanda mlima. Huyu Gervasi ndiye fundi wa mambo haya. Ndiye aliyemfundisha Issa."

Mzee akageuka, akanitazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mzee."

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilimwonea wivu Issa."

Nilitegemea matusi. Alisema tu, "Chukua kalamu." Akanitajia maneno ya barua ya kumwomba mwanawe radhi, ingawa yeye mwenyewe ndiye niliyemdhulumu. Nilipofika mwisho akasema, "Sasa andika ulilofanya wewe, na uweke jina lako." Nikaandika, Ndugu Mkuu akitazama dirishani.

Mzee Rajabu alifariki mwaka uliofuata, Issa akiwa bado masomoni. Aliporudi, alikuja kuwa Mkuu wa Kituo wa tatu, bosi wangu. Siku ya kwanza alifunga mlango.

"Baba alikuwa na barua chache zilizobaki kuniandikia," alisema. "Wewe ulichukua za miezi saba."

Akaufungua mlango. Hakulitaja tena, na alinitendea haki miaka yote ya kazi, jambo lililoniuma kuliko adhabu.

Nilipokaribia kustaafu alipendekeza jina langu kwa mafunzo mafupi kule kaskazini. Makao makuu yakakataa: umri umepita. Karani alinionyesha nakala ya alichoandika Issa: kwamba hajapata kumwona mpimaji bora kuliko mimi, hapa wala Ulaya.

Watu hudhani wivu hufa mtu akisomewa maneno kama hayo. Wangu haukufa. Nilirudisha karatasi kwa karani, nikatoka nje, nikamwonea Issa wivu mpya, mkubwa kuliko wa kwanza: kwamba aliweza kuyaandika hayo juu yangu.