Mnyororo wa Mama

Wengine wakinusa iliki ndani ya mafuta ya moto hukumbuka Idi, au harusi ya dada yao. Mimi huinuka nikaondoka hata kama nina njaa. Mume wangu hunicheka: "We mwanamke wa pwani gani usiyekula mahamri?" Mimi humwacha acheke, maana kumweleza ni safari ndefu. Nyinyi nitawaeleza.

Tulikaa mtaa wa Barani, Malindi, tukigawana ukuta na Bi Zuhura, mjane wa Kiislamu aliyetoka Mambrui. Alikaanga mahamri kila alfajiri na harufu yake ndiyo iliyokuwa saa yetu ya kuamkia. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, kanisa dogo la mabati lenye mikesha na machozi mengi. Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa nimeokoka kwelikweli, si mchezo. Hata nyimbo za kuruka kamba nilikuwa nimeziacha, nikihofia shetani yumo. Mama alinitania: "Kadzo mwanangu, Mungu naye hupenda kuona watoto wakicheza."

Kisha mama akaanza kuvimba miguu, halafu uso. Madaktari wakasema ni figo. Baba akampeleka hospitali Kilifi akabaki naye huko, nami nikaachwa mikononi mwa Bi Zuhura.

Jumapili iliyofuata mama mchungaji alitangaza maombi ya kufunga kwa ajili ya mama yangu. Funga kavu, bila chakula wala maji, tangu macheo hadi jua litue, mpaka Jumapili nyingine. Waumini wote wafunge, na baba naye huko huko aliko. "Huu ni mnyororo," alisema. "Pete moja ikikatika, umekatika wote." Watoto tulisamehewa. Mimi nikakataa kusamehewa. Mgonjwa alikuwa mama yangu, bwana, hakuwa mama wa mtu mwingine.

Loo, njaa! Anayeisifu hajaionja. Kufikia adhuhuri maandishi yalikuwa yakitembea ubaoni, na bomba la uani shuleni lilidondosha maji tone kwa tone kana kwamba limetumwa kunitesa. Jioni Bi Zuhura alinipakulia wali na mchuzi wa samaki, akaniangalia nikila, akatikisa kichwa.

Katikati ya wiki aliniita mlangoni kwake asubuhi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hebu jitazame, umekuwa kama ukuti mkavu." Akanitia hamri mkononi, la moto, limefura vizuri. "Shika, kula."

"Nimefunga, Bi."

"Hata sisi twafunga mwezi mzima, lakini mtoto hatumfungishi mpaka aanguke. Kula, mwanangu. Mungu si katili."

Sasa, kwetu, chakula ulichotiwa mkononi na mtu mzima hakirudishwi. Kukirudisha ni kumtukana. Nikasema ahsante, nikalishika lile hamri kwa mikono miwili, nikazunguka nyuma ya nyumba. Na nawaambia haki ya Mungu, nililifikisha mpaka mdomoni. Mate yalinijaa. Nikasema kwa sauti, "Mama!" Nikalivunjavunja, nikawatupia kuku. Vidole nikavipangusa kwenye sketi haraka nisije nikajisahau nikavilamba. Halafu nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimemshinda shetani na mama angepona. Sijapata tena furaha ya namna ile.

Mama alifariki Jumamosi.

Matangani, watu wakiwa wamejaa uani, mama mchungaji alisimama akasema kuna aliyekula. Mwimbaji mmoja wa kwaya alikuwa amepita akaniona mlangoni kwa Bi Zuhura na hamri mkononi, na baadaye akaniona na mafuta kwenye sketi. "Hatumlaumu, ni mtoto," alisema mama mchungaji. "Tunamsamehe."

"Sikula!" nililia. "Niliwapa kuku!"

Watu wakatazamana. Nani humpa kuku hamri? Bi Zuhura akainuka kwa hasira: "Mwogopeni Mungu! Mtoto nimempa mwenyewe kwa mkono wangu, na hamri langu haliui mtu!" Maskini, alidhani ananitetea. Alikuwa amenifunga kabisa.

Nikamgeukia baba. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameinama. "Baba, waambie sikula." Alichezea ukingo wa mkeka kwa kidole.

Mtoto akiambiwa jambo na watu wazima wengi, huanza kujipekua. Labda nililamba kidole kimoja. Labda chembe iliruka ikaingia. Nimekua hivyo, mwanafunzi, msichana, mke wa mtu, huku ndani yangu nikijiuliza kama nilimuua mama.

Mwaka jana baba naye alilazwa Kilifi, hospitali ile ile. Nilimpelekea uji. Akaukataa, kisha akaanza kulia, mzee mzima. Akanieleza kwamba mama hakuweza kula chakula cha wodi. Kila mchana mama alimsogezea sahani: "Kula wewe, baba Kadzo, nikuone ukila." Naye alikula. Alikula wiki nzima ya ile funga, kwa sababu hilo ndilo pekee mama alilokuwa akimwomba.

"Mbona hukusema, baba? Pale matangani?"

"Watu walikuwa wengi," alijibu. "Na wewe ulikuwa mdogo. Nilidhani utasahau."

Nilimlisha ule uji mpaka ukaisha. Ningefanya nini? Sasa najua figo ndizo zilizomuua mama, na matonge yale ya wodini yalikuwa mapenzi yao wawili, hayakuvunja chochote mbinguni. Kwa kula kwake simlaumu hata kidogo. Namlaumu kwa ule ukingo wa mkeka.

Siku hizi baba anakaa kwangu, na Jumapili twaenda kanisani pamoja, lile lile. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kwamba majaribu huja kupitia tumbo, na jaribu hilo nilishalishinda. Hili la sasa sijaliweza. Kila wakiita wenye ushuhuda, miguu yangu hutaka kusimama, nimtaje baba kuwa ndiye aliyekula, mbele za watu wengi kama wa siku ile. Mimi hujishikilia kwenye benchi. Baba, aliyeketi kando yangu, hufumba macho na kuanza kuomba kwa kunong'ona, na najua anaomba nisisimame.