Boga la Mama na Viungo Saba

Mwanangu, jana ulilimwagia boga langu tomato sosi, nami nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na mgeni. Leo mgeni hayupo.

Kuna siku moja sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi nyumbani Magomeni likizo, nikiwa na jibu la kila swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Mama alikuwa anatoka kwenye malaria. Homa ilikwisha, lakini siku ya nne hiyo hajala. Uji anauonja, anauweka chini. Daktari alishatuonya kwamba asipokula hatasimama. Asubuhi ile akasema kwa sauti ndogo, "Nina hamu ya boga."

Masika yalikuwa yanaishia, na Kariakoo maboga yalikuwa yamelundikwa mpaka barabarani. Mama muuzaji akanikatia moja nilione ndani, njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji. "Hili chumvi na nazi tu, kaka," akasema. Nikamshukuru kama msomi anavyomshukuru mtu asiyekusudia kumsikiliza, nikaenda kununua viungo.

Nilitia saba. Kitunguu maji, kitunguu swaumu, tangawizi, binzari, pilipili manga, mdalasini na nyanya ya kopo. Hiyo nyanya hata leo siwezi kuitetea. Mama akaonja kijiko kimoja, akakirudisha kwenye bakuli polepole, kwa adabu. "Nitakula baadaye, baba," akasema, akageukia ukutani.

Bi Mwanahawa, mpangaji mwenzetu, alikuwa uani anachambua mboga. Nikapita na bakuli, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, alichungulia kwanza.

"Hiki nini?"

"Boga."

"Boga liko wapi?"

Nikamweleza faida za tangawizi kwa mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mama yako kakwambia ana hamu ya tangawizi?"

"Hapana."

"Sasa umempikia nani, mwalimu wako? Lete kipande kilichobaki, halafu ukune nazi. Na marahaba."

Alilichemsha kwa tui jepesi na chumvi, likalainika, akamalizia na tui zito, akaepua. Muda wote nilikuwa nasubiri aongeze kitu. Hakuongeza. Mama alikula bakuli zima, akapitisha kidole ukingoni, akauliza kama limebaki. Kesho yake alitoka mwenyewe mpaka barazani. Lile langu nililila mimi, siku mbili mfululizo, Bi Mwanahawa akisimamia.

Kwa hiyo nasema mara moja tu, ingawa wote tunajua nitarudia. Haya maboga, mahindi mabichi na majani ya kunde yanakuja wiki chache, kisha yanaondoka, na ninyi wiki hizo mnaagiza chipsi. Yakija, yapike yangali na ladha yake. Nunua lililokomaa, tia chumvi, tia nazi, halafu weka mikono nyuma. Na kabla hujawasha jiko, muulize atakayekula ana hamu ya nini, umpikie hicho, siyo kile unachotaka ajue kwamba unakijua.

Mungu akujalie nazi isiyochacha na mkono mwepesi kwenye viungo, na siku utakayoshindwa hata uji, akupe mtu wa kukuchemshia boga.

Sasa hiyo chupa ya sosi irudishe kabatini. Nakuona.