Firigisi ya Meja

Harufu ya manyoya ya kuku yakichovywa maji moto bado hunifurahisha, na sioni haya kusema. Hunirudisha Endebess miaka ya themanini, nikiwa msichana wa darasa la tano, na yule jogoo mwekundu ambaye Baba alimwita Meja. Shetani mwenye mabawa! Ukienda chooni, ubebe fimbo. Ukiinama kuanika mahindi, yuko mgongoni. Baba alicheka tu. "Boma bila jogoo mkali ni boma la mjane," alisema.

Kisha siku moja Meja akamrukia mdogo wangu Nasimiyu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akampasua shavu chini kidogo ya jicho. Mama alilia. Baba akasema, "Ni kuku tu, bana. Haijui kitu." Nikaapa moyoni: huyu nitamla. Nilijua Baba hatamchinja kwa sababu ya machozi yetu. Lakini kwetu mjomba akija kumwona dada yake hapewi kuku jike. Lazima jogoo achinjwe, la sivyo ni aibu kwa ukoo mzima. Na Baba hakuwa na jogoo mwingine.

Likizo ya Agosti nilipelekwa kwa Mjomba, kaka yake Mama, kule Bungoma. Nikamweleza yote. Akauliza, "Ati huyo jogoo amenona?"

"Amenona sana, Mjomba."

Alinirudisha nyumbani mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani. Baba alipomwona langoni, alimtazama Meja, akaagiza kisu kiletwe. Kumkamata nilimkamata mimi, kwa gunia. Lo, alivyopiga kelele! Mvumilivu hula mbivu, jamani.

Firigisi ilikuwa ya mgeni, na mwanamke haigusi. Mama hakuwahi kuionja maishani mwake. Mjomba akaiinua, akaniita mbele ya Baba. "Kula, mama. Huyu ndiye alianza kumla dada yako." Baba akaendelea kumega ugali; nani atabishana na shemeji yake mezani? Nikatafuna polepole nikimtazama Baba usoni. Ilikuwa ngumu kama raba, na tamu ajabu.

Siku hizi nafuga kuku huku ninakoishi, Matisi, na hakuna wa kunikataza firigisi. Wanangu hunicheka, ati nina kinyongo na kuku aliyekufa zamani. Wacheke. Kila Krismasi Nasimiyu akija, namchagua jogoo mkali kuliko wote, namchinja mwenyewe, na firigisi nampa yeye. Lile kovu bado liko chini ya jicho lake, na mimi sijashiba.