Bibi Yangu Mlimbwende wa Dunia

Hasira niliyonayo kwa shangazi haijapoa, na mimi mwenyewe najikasirikia. Nilipofungua saluni hapa Kariakoo aliniletea picha kubwa ndani ya fremu: msichana wa zamani, taji kichwani, utepe begani. Akasema, "Huyu ni bibi yako. Alishiriki mashindano ya urembo ya dunia huko Ulaya, enzi za mkoloni." Nikaamini kama mjinga. Nikaitundika juu ya kioo, na kila mteja niliyemsuka nilimsimulia.

Jana mteja mmoja akaiangalia, akacheka. "Dada, huyo bibi hata pua hamjafanana." Nikawaka. Nikamwambia ukoo wangu hauchezewi, nikamtoa nje akiwa amesukwa nusu kichwa, wateja wengine wananitazama.

Mlangoni akakutana na machinga aliyebeba fremu za kuuza. Wauza fremu huzitia picha yoyote ili zivutie wanunuzi, na fremu zake zote zilikuwa na bibi yangu, na taji lake, anatabasamu.

Yule dada akageuka, akaniangalia taratibu. Kisha akamwambia machinga, "Kaka, na mimi niuzie bibi mmoja."