Vitabu vya Baba na Eda ya Bibi

Bibi yangu alikuwa na mdomo, tusidanganyane. Tuliishi naye Kariakoo, chumba na ukumbi, enzi zile za kupanga foleni ya unga na sabuni, na foleni nzima ilimwogopa. Lakini aliyekiona cha moto ni baba, mwanawe wa pekee.

Babu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, baba akiwa bado ananyonya. Hakurudi, wala haikuja habari. Wakwe wakamwambia bibi angoje, mume hajafa mpaka isemwe amekufa. Akangoja mpaka akaota mvi. Eda hakukaa, na mume mwingine hakupata.

Baba, karani mstaafu wa bandarini, akakimbilia vitabu. Kila jioni alikaa uani na kitabu cha Kiingereza kuhusu chanzo cha vita vile, akimtafsiria mama yake. Mwanahistoria huyu anamlaumu Mjerumani, yule anamlaumu Mrusi, wa tatu anasema wote walikuwa wapumbavu. Bibi anachambua mchele wake, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza lile lile: mume wangu yumo? Hayumo. Basi anamcheka mbele ya wapangaji wote, eti mtoto wa mpagazi anamjua mpaka mke wa yule mwana wa mfalme aliyepigwa risasi vita vikaanza, kaburi la baba yake halijui. Roho iliniuma, wallahi. Mtu mzima alikuwa anajikunyata.

Jioni moja baba alifunga kitabu akasema, "Yumo, mama. Wameandika alifia njiani, Rufiji."

Nilikuwa sekondari, na kitabu kile nilishakisoma. Hamkuwa na mpagazi hata mmoja.

Bibi hakulia. Aliomba shuka jeupe, akakaa eda kamili na uzee wake wote, bila wanja wala manukato. Majirani waliingia kumpa pole, wakatoka wamebana vicheko. Walimwita mjane wa kitabu. Baba hakujali. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni pake.

Siku ya kutoka eda baba alimpelekea kanga mpya, akamuuliza kama sasa moyo umetulia. Bibi akaikunjua, akaipima kifuani.

"Nilijua hayumo," alisema. "Watu wasiojua hata waligombania nini, watamjua mbeba mizigo? Ila uongo huu angenipa mtu nikiwa msichana, ningeolewa, nawe ungepata baba."

Akajifunga kanga, akatoka kuuliza kama sukari imekuja dukani. Baba alibaki amekaa kitandani kwa mama yake.