Nilifungia Viazi Karai Kitabu cha Mjukuu Wangu

Msomaji huyu wa Mombasa ameomba jina lake lisitajwe. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka sitini na minane, nakaa Mji wa Kale, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Skuli nilifika darasa la tatu nikatolewa, kwa hivyo mkiona herufi zimekwenda upande, nyamazeni, tazameni maana. Nauza viazi karai, vya kuchovya unga na kukaanga, mlangoni pangu tangu mume wangu alipokufa. Mjukuu wangu wa kike nimemlea mimi tangu kuachishwa ziwa, na sasa ana miaka kumi na tisa.

Mtoto huyu ana maradhi ya vitabu. Si vya dini wala vya upishi. Ni riwaya za Kizungu, za majini wanaokaa mijini na za watu wanaoishi kwenye nyota. Kila baada ya alasiri mimi namenya viazi, yeye ananisomea na kunifasiria. Nimesikia vingi mno, na vyote vimenitia kichefuchefu.

Hizo za majini ni uchafu mtupu. Msichana anakutana na mnyonya damu ndani ya gari la moshi, wiki ya pili washalala pamoja. Hakuna aliyemuuliza mwanamume kwao wapi. Jini wa kwetu hata akikupanda ana adabu zake, hutaja jina lake na anachotaka, udi au halua. Huyo wa kitabuni kazi yake kuvaa koti la ngozi na kununa.

"Ndiyo mapenzi hayo, bibi," yuwaniambia.

"Mapenzi ya kunyonywa shingo hata kunguni anayo," nikamjibu.

Za nyota ndizo mbaya zaidi. Watu wamefungiwa ndani ya chombo miaka mia, wanakula vidonge, hapana anayekaanga hata kitunguu. Nikauliza maiti huzikwa wapi. Eti hutupwa nje. Bila sanda, bila hata mtu wa kusema yailahi. Nikasema mpaka akafunga kitabu.

"Bibi, wewe wataka hadithi au wataka hutuba ya Ijumaa?"

Tukicheka. Sikatai, tulikuwa tukicheka sana.

Mwezi uliopita akaleta kimoja alichoazimwa na mwalimu wake. Mji wa miaka ijayo, msafi, kila kitu kinakwenda chenyewe. Ukifika miaka sitini na mitano unalazwa kwenye droo ya kioo, unalala. Wanao wakiwa na swali huja wakakuamsha. Ukishawajibu, wanaifunga droo tena. Nilisimamisha kisu. Nikasema aliyeandika hayo hakuzaliwa na mtu. Mjukuu wangu hata uso hakuinua.

"Angalau, bibi, hawaumwi na magoti."

Anayelia magoti kila usiku ni mimi. Yeye akenda kuoga, na wateja wakaanza kuja. Ningependa kusema kwamba magazeti ya kufungia yalikuwa yamekwisha, lakini yalikuweko, chini ya meza. Nilikichukua kile kitabu nikakichana, ukurasa kwa kila mteja, viazi vitano na ukwaju juu. Nilichana kwa raha.

Mjukuu wangu alipotoka akakuta jalada tupu. Hakulia. Alisema polepole, "Ungeningoja, bibi. Nilishakimaliza. Wale wazee mwisho waamka wote, wanaondoka. Sehemu hiyo ndiyo niliyokuwa nikikuwekea."

Akachukua nguo zake akenda kwa mamake, binti yangu, mtaa wa Kizingo. Hakunibusu mkono.

Leo ni wiki ya tatu. Mwalimu amesamehe, yeye hajasamehe. Nikipiga simu mamake husema yuko msalani. Mtu hukaa msalani wiki tatu? Viazi namenya peke yangu, na kisu kimenikata mara mbili.

Binti yangu asema niende nikamtake radhi. Mimi, nimtake radhi mtoto niliyemfuta makamasi? Sijapata kumtaka radhi aliye chini yangu, na marehemu mume wangu aliye juu yangu nilimtaka mara moja tu. Halafu nikifika niseme nini? Kwamba kitabu kilikuwa kizuri? Kilikuwa kinyaa. Kwamba hakuniudhi? Aliniudhi, tena yeye kuliko kitabu.

Lakini nataka arudi. Wenye wajukuu, nishaurini: nani aanze kusema, mimi au yeye? Mkisema ni mimi, nitakwenda. Nambieni tu kwa adabu, maana nitavaa buibui nikiwa bado na hasira.