Jasho la Tuta

Wiki nzima usingizi ulinipaa kwa swali moja tu: mjomba Athmani alijua, au hakujua? Mimi ni mtu wa kuwaza mno. Nikiambiwa chai iko tayari, nataka kujua imekuwa tayari tangu lini na nani ameionja. Wenzangu chuoni walinicheka kwa hilo, na huenda walikuwa na haki. Lakini swali hili halikuanzia chuoni. Lilianzia Siyu, kisiwani Pate, katika miaka ya hamsini, mwaka ule mama alipougua nami nikatolewa nyumbani kwetu Mkomani, mjini Amu, ndiyo Lamu, nikapelekwa kwa bibi nikae hadi masika yaishe. Kila likinijia huja na harufu yake, harufu ya udongo uliolowa ikichanganyika na ukali wa majani ya tumbako yaliyoanikwa kibandani. Harufu hiyo naweza kuisikia nikiwa katikati ya mji, penye lami na moshi.

Siyu haikuwa na shida ya udongo, ilikuwa na shida ya maji. Visima vingi vilikuwa na chumvi, na vile vichache vitamu vilikuwa chini bondeni, mahali ambapo mvua ikinyesha maji yote ya mashambani huteremkia na kuvijaza tope. Mjomba Athmani, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyepata wazo la kukinga. Aliwakusanya watu kwa ujima, wanawake wakabeba udongo kwa mapakacha, wanaume wakaushindilia kwa magogo na kwa nyayo, mpaka likasimama tuta refu kuliko mtu mzima, limelala bonde zima kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma yake palikuwa na lambo. Maji machafu ya mvua yaliingia humo yakatulia, tope likazama chini, na maji yaliyokwisha kutakata yakatoka taratibu kwa mlango uliojengwa kwa mawe pembeni. Kiangazi kikifika, tope lile lilichimbwa na kumwagwa katika shamba la tumbako la mjomba. Hakuna aliyenung'unika. Mwenye wazo ndiye mwenye tope, walisema, na tumbako yake ilikuwa na majani mapana kama masikio ya ndovu.

Nilipofika, tuta lilikuwa limeanza kutoa jasho. Ndivyo wanawake walivyokuwa wakisema. Chini kabisa, upande wa visimani, palikuwa na mahali udongo ulipolowa, na katikati yake maji yalichuruzika membamba kama uzi. Yalikuwa safi, baridi, na matamu kuliko ya kisima chochote. Katika nchi ambayo mtu huzaliwa akazeeka akinywa maji ya chumvi, maji matamu yanayotoka yenyewe ardhini hayaulizwi yametoka wapi, bali hushukuriwa. Wanawake walipachimba kidogo kwa mikono ili kata ipate kuzama, kesho yake wakapachimba tena, na pakawa na kishimo kizuri kilichosakafiwa kwa vifuu. Kila asubuhi nilikwenda huko na Esha, rafiki yangu, na mama yake Bi Time, mjane aliyekaa katika nyumba ya udongo hatua chache chini ya tuta. Bi Time alikuwa na kicheko cha kuwafanya kuku wakimbie.

"Teka, mwanangu, teka," aliniambia. "Hili tuta lina jasho kuliko waume wa Siyu wote."

"Sema wako, hayati," mwenzake mmoja akamjibu. "Wangu jasho humtoka akila."

"Basi ndilo hilo hilo! Alishindilia tuta siku moja, akala siku saba."

Walicheka mpaka mitungi ikamwagika. Mjomba alipopita naye alicheka, akaweka kiganja kwenye tuta kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Tuta likitoa jasho ni kwamba linafanya kazi," alisema. Nilimwamini. Alikuwa mtu wa kuaminika kwa jinsi alivyokuwa akivuta maneno, polepole, kama kwamba kila neno lilipimwa kabla ya kutoka.

Masika yaliingia kwa nguvu. Mjomba akauziba ule mlango wa mawe kwa udongo na viroba vya mchanga, ili tope lisitoroke, akasema, kwani mvua nzuri kama ile isingerudi upesi. Lambo likajaa mpaka likawa linatazama juu ya tuta. Asubuhi moja nilichota maji kwenye kishimo nikaona yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliyaacha yatulie kwenye kata, na chini pakabaki udongo laini. Nilimpelekea mjomba kata ile ile. Alikuwa kwenye kibanda chake cha tumbako, ambacho nacho kilikuwa bondeni, si mbali na nyumba ya Bi Time. Aliitazama kata kwa muda mrefu. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, kisha akayamwaga maji.

"Mai ni mai," akasema, yaani maji ni maji. "Tuta limeoga, sasa linajifuta. Kawaambie kina mama: mjomba asema tuta ni salama, watu walale."

Nilikwenda mbio kuwaambia. Nilijiona mkubwa, mtoto wa Amu niliyetumwa neno na mwenye tuta. Bi Time alinipa kipande cha mkate wa mofa kwa ujumbe wangu. Alasiri yake nilimwona mjomba na vijana wake wakihamisha tumbako yote kutoka kile kibanda, mafungu kwa mafungu, wakiipeleka ghalani nyumbani kwa bibi, juu mlimani. Nilimuuliza kwa nini. "Tumbako haipendi unyevu," akanijibu, na kwa kweli haipendi.

Tuta lilipasuka kesho yake, baada ya watu kula cha asubuhi. Halikutoa kishindo. Lilikohoa tu, na pale kwenye kishimo chetu pakafunguka tundu, na tundu likawa mlango, kisha upande mzima wa tuta ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Mimi na Esha tulikuwa kwa bibi tukitwanga. Tulipokimbilia ukingoni tuliona bonde limekuwa rangi moja. Visima havikuonekana, wala nyumba ya Esha. Bi Time walimpata siku ya pili, kwenye mizizi ya mikoko. Kibanda cha tumbako kilikuwa kimechukuliwa pia, kitupu.

Matangani mjomba alilia kuliko wote. Watu walisema ni kadari ya Mungu, na kadari haina mshitaki. Miaka ikapita. Baba aliposema kwamba msichana akishajua kusoma Kurani na kuandika jina lake imetosha, ni mjomba Athmani aliyevuka kutoka Siyu hadi Amu kuja kumbembeleza, kikao baada ya kikao, mpaka nikaruhusiwa kuendelea na shule. Bila ulimi wake nisingefika chuo kikuu. Kwa hiyo kila nilipoikumbuka ile tumbako ikipandishwa mlimani nilijilaumu kwa kumfikiria vibaya. Tumbako haipendi unyevu. Mtu akihamisha mali yake, je, amekwisha kuwa mwovu? Lakini mbona siku ile? Na mbona alikisugua kile kidole?

Mwezi uliopita nilikwenda Siyu baada ya kumaliza masomo. Niliwakuta watu wameanza kulijenga tuta upya, mahali pale pale, kwani visima bado hujaa tope kama zamani na haja haijaondoka. Esha sasa ana watoto watatu, na amejenga kwenye kiwanja cha mama yake, hana kingine. Mlango wa pembeni safari hii haupo kabisa. Mjomba, ndevu zimekuwa nyeupe, aliniita barazani akanikalisha karibu naye.

"Wanawake wanasitasita kubeba udongo," alisema. "Wewe msomi, watakusikia. Kawaambie tuta ni salama."

Nilihisi ladha ya ule mkate wa mofa mdomoni. Wiki nzima nilizunguka na lile swali, nikilipanga hivi na vile, kisha nikamrudia nikamuuliza bila kupanga: "Mjomba, siku ile nilipokuletea kata, ulijua?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniumiza. "Niliona rangi," akasema. "Tuta lilikuwa likiliwa ndani. Lakini ningesema, wangelikata siku ile ile ili maji yatoke, na tope la mwaka mzima lingekwenda baharini. Nilitaraji litasubiri. Mwanangu, mimi si Mungu."

"Tumbako hukutaraji itasubiri."

Akaanza kuhesabu tasbihi yake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami niliizoea methali hiyo kama maneno ya kujibia mitihani. Sikujua kwamba kinachokula chaweza kuwa ndicho kilichokushonea hiyo nguo. Siku zile Siyu ilitosheka na neno la mtu mzima likipelekwa na mtoto, leo inataka neno la mtu aliyesoma. Umebadilika mdomo tu. Neno ni lile lile, na watakaolala chini yake ni wale wale.

Niliteremka bondeni wanawake wakiwa wamejipanga na mapakacha. Mjomba alinifuata kwa mkongojo wake, akisimama kila hatua kadhaa kuvuta pumzi. Nilimngoja afike, maana sikutaka kumsema mtu kwa mgongo. Kisha nikawaambia ile rangi ya maji ilikuwa na maana gani, na yule mwenye tuta aliijua lini, na kwamba bila mlango wa pembeni, na nyumba zikiwa zimebaki pale zilipo, kila pakacha wanalobeba ni la kuwafukia watoto wao. Nilimtazama Esha nikamwambia kuhusu tumbako.

"Nalikuombea ruhusa ya shule, nawe waniaibisha mbele ya watu?" mjomba akasema kwa sauti ndogo.

Esha alikuwa ameligeuza pakacha lake, na udongo wote ulikuwa ukimwagika miguuni pake. Mimi nikaenda nyumbani kwake, nikaanza kutoa vitu ndani tuvipandishe mlimani.